Jengo la Ubalozi Roma Linaihusu Buseresere

Msafiri anayetoka Geita mjini kuelekea Bukoba huvuka kutoka Katoro kuingia Buseresere bila kujua kama amevuka. Maduka yameshikana, bodaboda ni zile zile, na mpaka wa Wilaya ya Geita na Wilaya ya Chato umepotelea katikati ya biashara. Fedha ya wachimbaji wadogo huja kutua hapa. Mtu akitoka mwaloni, mahali pa kuchenjulia dhahabu, na gramu zake, akishauza, hununua bati, mchele, betri ya sola na sare za shule. Vijiweni redio huwa imewashwa, na Bunge la Bajeti linapokaa Dodoma watu husikiliza. Wizara ya Maji ikisomwa, wananyamaza. Ya Afya ikisomwa, wananyamaza. Ikifika Wizara ya Mambo ya Nje, mazungumzo hurudi kwenye bei ya dhahabu. Mbunge akisimama kuuliza nyumba fulani ya ubalozi imenunuliwa kwa bei gani, kijiweni hutoka jibu moja: hayo ni mambo ya wakubwa.

Jibu hilo si la Buseresere pekee. Limo kwenye safu za magazeti, limo kwa wasomi, na limo hata kwa baadhi ya wabunge. Wanaolishikilia wana hoja, na haki inataka zielezwe kwa nguvu zake zote kabla hazijajibiwa. Wanasema muda wa Bunge ni mfupi na shida za wananchi ni nyingi, hivyo dakika inayotumika kwa makazi ya balozi ng'ambo imeibwa kutoka kwenye zahanati. Wanasema fedha yenyewe ni ndogo ukiilinganisha na mikataba ya madini. Wanasema diplomasia ina siri zake, na kuanika nyumba ya mwakilishi wa nchi ni kuivua nchi nguo mbele za watu. Wanasema Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) yupo, anatosha. Mwisho hutaja Roma: kelele zote zile kuhusu jengo la ubalozi Italia, zikaishia wapi? Balozi wa wakati huo, Profesa Costa Mahalu, aliachiwa huru na mahakama, kwa hiyo uchunguzi ulikuwa kazi bure na uonevu.

Hoja hizo zote zimekosea. Ile ya Roma, inayoonekana kuwa na nguvu kuliko nyingine, ndiyo inayowageukia wenyewe.

Miaka ya 2001 na 2002 Tanzania ilinunua jengo la ubalozi wake jijini Roma, katika mtaa wa Viale Cortina d'Ampezzo. Balozi alikuwa Profesa Mahalu, mwanasheria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Bei ilikuwa Euro milioni 3.1 hivi. Muuzaji alitaka alipwe kwa mafungu mawili, ikaandikwa mikataba miwili, na malipo yakapita katika akaunti mbili. Mtu yeyote aliyewahi kuuza shamba anajua kwamba mikataba miwili kwa mali moja ni moshi, na watu wakiona moshi huuliza kama pana moto.

Januari 2007 balozi huyo na ofisa mwenzake wa ubalozi walipandishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam. Walishtakiwa pamoja na mengine kwa wizi wa Euro 2,065,827.60. Hesabu hiyo inastahili kutazamwa kidogo, maana inasimulia kisa chenyewe. Zamani za lira ya Italia, Euro moja ilifungwa kwenye lira 1,936.27. Ukizidisha, Euro hizo zinarudi kuwa lira bilioni 4 kamili. Bei nzima nayo inarudi kuwa lira bilioni 6. Maana yake, bei iligawanywa bilioni 2 huku na bilioni 4 kule, na mashtaka yakasimama juu ya ule upande mkubwa. Swali zima la kesi lilikuwa hili: je, zile bilioni 4 zilimfikia mwenye nyumba, na je, Serikali ilikuwa inajua?

Ilichukua miaka mitano na nusu kulijibu. Mei 2012 Rais mstaafu Benjamin Mkapa alifika Kisutu kama shahidi wa utetezi, akaeleza kwamba Serikali yake iliujua ununuzi huo na iliuridhia. Tarehe 9 Agosti 2012 Hakimu Ilvin Mugeta aliwaachia huru washtakiwa wote wawili. Profesa Mahalu baadaye alikuja kuongoza Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Mwanza, mwendo wa saa chache tu kutoka Buseresere.

Wanaosema uchunguzi ulikuwa bure husimama hapo. Laiti wangerudi nyuma kidogo, hadi mwaka 2004. Mwaka huo suala la jengo la Roma lilifika bungeni. Waziri wa Mambo ya Nje alikuwa Jakaya Kikwete. Aliliambia Bunge kwamba ununuzi ulifuata taratibu na kwamba mwenye nyumba alilipwa fedha zake zote. Maneno hayo yaliingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, na miaka ilipopita, Kikwete akiwa Rais na balozi wake akiwa kizimbani, Hansard hiyo ikawa sehemu ya utetezi.

Hapo pana jambo ambalo wapinzani wa uchunguzi hawalitazami. Kati ya mambo yaliyomsaidia mtu ambaye mahakama ilimwona hana hatia, mojawapo lilikuwa suala hilo kufika bungeni na waziri kulitolea kauli. Hilo halikumdhalilisha balozi. Lilimwachia ushahidi wenye tarehe. Bunge lingefanya zaidi ya pale, kama kamati yake ingeitisha mikataba yote miwili mezani mwaka ule ule wa ununuzi, ikamsikiliza balozi, ikasoma barua za kutoka Dar es Salaam na kuandika ilichokiona, swali la lira bilioni 4 lingekuwa limejibiwa kabla halijawa shtaka. Uonevu anaousema mpinzani ulitokana na uchunguzi kufanyika umechelewa, tena kufanyika mahali pasipo pake. Hakimu alilazimika kufanya kazi ya kamati.

Mchimbaji wa Geita hahitaji somo refu kuhusu hili. Duara, yaani shimo la kuchimbia, likitoa mawe, mifuko haibebwi usiku na mtu mmoja kwa sababu tu anaaminika. Hupangwa chini na kuhesabiwa mbele ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji wenyewe, ndipo mgao unafanyika, mfuko kwa mfuko. Hakuna anayetukanwa kwa kuhesabiwa. Msimamizi mwaminifu ndiye wa kwanza kutaka hesabu ifanyike hadharani, kwa kuwa anajua kwamba mifuko ikipungua baadaye, jina litakalotajwa ni lake. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga, na kwenye machimbo kila mtu ameyaona hayo kwa macho yake. Iweje basi mtu huyu anayekesha duarani akilinda hesabu ya mifuko 40 aambiwe kwamba hesabu ya jumba la Roma si yake?

Ni yake kwa sheria. Ibara ya 135 ya Katiba inaelekeza mapato ya Serikali yaingie katika Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali. Sheria za mwaka 2017 zilipandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 6, pakaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Soko la dhahabu lilipofunguliwa Geita Machi 2019, makato hayo yakawa yanafanyika dirishani, mbele ya mwenye mzigo. Mtu aliyeuza gramu 100 kwa kiwango hicho aliacha gramu 6 za mrabaha papo hapo. Zilikwenda katika mfuko ule ule mkuu ambamo Fungu 34, yaani Wizara ya Mambo ya Nje, huchota kodi ya pango, mishahara ya maofisa na bei ya majengo. Fedha ya balozi haina chungu chake.

Sasa ile hoja ya udogo wa fedha. Serikali ilipojenga madarasa 15,000 mwaka 2021 kwa mkopo wa kupambana na athari za UVIKO-19, kila darasa lilitengewa Sh milioni 20. Tukikadiria Euro moja kwa Sh2,500, bei ya jengo la Roma ni Sh bilioni 7.7 hivi. Hayo ni madarasa zaidi ya 380. Fedha ile haikupotea, mahakama imesema, na jengo lilinunuliwa kweli. Lakini huo ndio ukubwa wa saini moja inayowekwa katika nchi ya mbali. Tanzania ina balozi zaidi ya 40 duniani. Hakuna halmashauri ya wilaya ingeruhusiwa kununua mali ya bei hiyo bila madiwani kuiona.

Wanaotaka Bunge lijishughulishe na madini na kuacha nyumba ng'ambo wamesahau pia Buzwagi. Februari 2007 Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alisaini mkataba wa mgodi wa Buzwagi, Kahama, akiwa London. Dhahabu ipo Usukumani, kalamu ipo Uingereza, na Bunge lipo Dodoma halina habari. Agosti mwaka huo Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, alitaka iundwe kamati teule. Bunge likamsimamisha yeye. Umma haukukubali. Kabla mwaka haujaisha Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuichunguza sekta nzima ya madini, Zitto akiwa mmoja wa wajumbe, na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4. Mkataba wa Buzwagi na jengo la Roma vinafanana kwa jambo moja zito: vyote viwili vilimalizwa mahali ambapo jicho la mbunge halifiki. Umbali ni sababu ya kuongeza ukaguzi. Zahanati ya kijiji ikijengwa vibaya, wanakijiji wataziona nyufa zake wenyewe. Paa la nyumba ya balozi likivuja Ulaya, au likiandikwa kwamba limezibwa na halijazibwa, ni nani wa Buseresere atakayekwenda kuchungulia? Hana jicho huko ila la mbunge wake.

Hoja ya siri inataka majibu ya kisheria, nayo yapo. Watetezi wake hupenda kuutaja Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia. Ni kweli mkataba huo unayahesabu makazi ya mkuu wa ubalozi kuwa sehemu ya majengo ya ubalozi, na unakataza yasiingiliwe. Lakini yasiingiliwe na nani? Ibara ya 22 inawazuia maofisa wa nchi mwenyeji. Polisi wa Roma hawezi kuingia bila ridhaa ya mkuu wa ubalozi. Hakuna mstari unaosema Bunge la Jamhuri ya Muungano lisione hati ya nyumba iliyolipiwa na Jamhuri ya Muungano. Ukuta ule ulijengwa kumzuia jirani, sasa anazuiwa nao mwenye nyumba.

Siri za kweli zipo: mawasiliano, ulinzi, majina ya watu wanaozungumza na balozi usiku. Bunge lina Kamati ya Nje, Ulinzi na Usalama, ambayo inaweza kusikiliza mambo hayo faraghani. Bei ya mita ya mraba haimo katika siri hizo, wala jina la muuzaji, wala ripoti ya mthamini. Huko Ulaya mauzo ya nyumba husajiliwa katika ofisi za ardhi za nchi hizo, na Mtaliano mwenye shughuli zake anaweza kuomba taarifa. Ni jambo zito kwamba mgeni aweze kujua bei ya nyumba ya Watanzania kabla ya Watanzania wenyewe.

Na heshima ya nchi? Kenya imelijibu hilo. Wizara yake ya Mambo ya Nje ilinunua mali Tokyo kwa ajili ya ofisi ya ubalozi na makazi ya balozi, kwa yeni bilioni 1.75. Kamati ya Bunge ya Ulinzi na Uhusiano wa Nje, ikiongozwa na Adan Keynan, ikaichunguza biashara hiyo pamoja na mali za balozi za Kenya zilizoko Misri, Nigeria, Pakistan na Ubelgiji. Ripoti yake ya Oktoba 2010 ilihoji bei na namna mali ya Tokyo ilivyochaguliwa, ikadai walipa kodi walipoteza Sh bilioni 1.1 za Kenya. Tarehe 27 Oktoba Waziri Moses Wetang'ula, aliyekana kufanya kosa, alikaa pembeni kupisha uchunguzi, na katibu mkuu wake naye akaondoka ofisini. Mwaka uliofuata Wetang'ula alirudi wizarani. Leo ndiye Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, tangu 2022. Japani haikuvunja uhusiano na Kenya, ubalozi haukufungwa, na mwanasiasa aliyehojiwa hakuangamia. Kilichobaki ni kwamba ofisa wa Nairobi anayetaka kununua nyumba ng'ambo anajua kwamba iko kamati inayoweza kumwita.

Ukilinganisha kalenda mbili hizo, moyo unauma. Kenya: jambo liliibuka, likachunguzwa bungeni, waziri akapisha, akarudi, yote katika muda wa miaka miwili hivi. Tanzania: ununuzi 2002, kesi 2007, hukumu 2012. Miaka kumi ya maisha ya watu wawili.

Mataifa tajiri nayo hayaoni aibu. Mwaka 2024 Kanada ilimnunulia konseli mkuu wake wa New York, Tom Clark, makazi mapya katika jengo refu la mtaa wa 57, kwa dola za Kanada milioni 9 hivi. Serikali ilisema inabana matumizi, kwa kuwa makazi ya zamani ya Park Avenue yangeuzwa kwa bei kubwa zaidi. Pengine ilikuwa kweli. Kamati ya Bunge haikutosheka na neno hilo. Iliwaita maofisa, ikamwita na konseli mwenyewe, aliyesema hakushiriki kuichagua nyumba, na maswali yakaendelea kwa miezi. Nchi yenye utajiri ule ilitenga muda wa wabunge kwa ajili ya makazi ya ofisa mmoja. Sisi tunaosomesha watoto 100 katika darasa moja tunaambiwa tusiulize.

Inabaki hoja ya CAG, ambayo ndiyo yenye heshima kubwa, kwa kuwa ofisi hiyo imefanya kazi ya kutukuka chini ya Ludovick Utouh, Profesa Mussa Assad na Charles Kichere. Lakini tazama saa yake. Mwaka wa fedha 2021/22 ulianza Julai 2021 na kuisha Juni 2022. Ripoti yake ilimfikia Rais mwishoni mwa Machi 2023, ikawekwa mezani Aprili, na Bunge likaijadili Novemba 2023. Nyumba iliyolipiwa Julai 2021 ingejadiliwa baada ya miezi 28, wakati ambapo balozi aliyeinunua anaweza kuwa amehamishwa na mhasibu wake amestaafu. Mkaguzi huja nyuma ya tukio, na hiyo ndiyo kazi yake. Kusimama mbele ya tukio ni kazi ya Bunge.

Zaidi ya hapo, ripoti haina miguu. Profesa Assad alilisema hilo mwishoni mwa 2018 alipohojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa, kwamba ripoti kutofanyiwa kazi ni udhaifu wa Bunge. Januari 2019 Spika Job Ndugai alimwita mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka, na tarehe 2 Aprili Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Novemba mwaka huo aliondoka, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuondolewa kwake kulikiuka Katiba. Bunge lililoona uchungu kuambiwa ni dhaifu lilikuwa na njia nyepesi ya kukanusha: kuchukua ripoti ukurasa kwa ukurasa, balozi kwa balozi, na kuuliza. Wanaosema CAG anatosha wanamtwika mtu mmoja mzigo wa chombo kizima.

Wapo watakaosema Bunge lenye wabunge wengi wa chama kimoja haliwezi kuuliza. Hilo nalo si kweli kwa historia ya nchi hii. Kamati teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond, Februari 2008, iliongozwa na Harrison Mwakyembe wa CCM, chini ya Spika Samuel Sitta wa CCM, na ripoti yake ikamfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa wa CCM ajiuzulu. Ibara ya 63 ya Katiba haikutaja chama. Inampa mbunge mamlaka ya kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Anayekaa kimya amechagua kukaa kimya.

Isieleweke kwamba balozi anapaswa kulala kwenye chumba cha kupanga. Nyumba nzuri ya balozi ni chombo cha kazi. Dhahabu inayotoka Geita hununuliwa Falme za Kiarabu, India na Uswisi, na anayetaka kumshawishi mnunuzi au mwekezaji hawezi kumpokea ukumbini kwenye rangi inayobanduka. Mgeni njoo mwenyeji apone. Tena, kununua mara nyingi ni nafuu kuliko kulipa kodi ya pango miaka 40 mfululizo, na waliotaka Tanzania iwe na jengo lake Roma walikuwa na akili njema. Mwandishi wa makala haya anaunga mkono majengo zaidi yanunuliwe. Ndiyo maana uchunguzi unatakiwa: mali zikiwa nyingi, na za thamani, na za mbali, kumbukumbu zake ziwe imara zaidi ya kumbukumbu za stoo ya wilaya. Anayepinga kila nyumba ya ubalozi akiita anasa amepotoka, na anayetaka isiulizwe amepotoka vilevile. Wote wawili humwachia ofisa wa ubalozi mzigo wa kushukiwa bila njia ya kujisafisha.

Kinachohitajika ni kidogo. Kabla ya saini, Kamati ya Nje, Ulinzi na Usalama ione ripoti mbili za uthamini kutoka kwa watu wasiohusiana, ione mkataba mmoja wenye bei nzima, na ielezwe kwa maandishi iwapo muuzaji anataka alipwe kwa njia isiyo ya kawaida. Kama mwaka 2002 kungekuwa na karatasi moja ya namna hiyo, imesainiwa na mwenyekiti wa kamati, mwendesha mashtaka asingekuwa na pa kuanzia, au kama kweli palikuwa na wizi angekuwa na pa kumalizia mapema. Baada ya saini, nyumba iingie katika rejista ya mali za Jamhuri nje ya nchi, na rejista hiyo iwekwe mezani kila mwaka Fungu 34 linapoombewa fedha: iko wapi, ilipatikana lini, kwa bei gani, hali yake ikoje, nani anaishi ndani. Kurasa chache tu. Serikali inayoweza kumpa namba kila mchimbaji mdogo mwenye leseni haishindwi kuzipa namba nyumba zake.

Dakika zinazohitajika kuuliza hayo hazizidi kumi. Hazimnyimi mtu zahanati. Mbunge anayejizoeza kudai hati ya nyumba ya Roma atadai na hati ya ununuzi wa dawa, kwa kuwa ni swali lile lile na zoezi lile lile.

Mwaka 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliongeza majimbo manane nchini, na mawili kati yake yapo hapa: Katoro na Chato Kusini. Ukanda huu una sauti zaidi bungeni kuliko wakati wowote uliopita. Wabunge hao hurudi nyumbani, husimama sokoni Buseresere na kuomba kusikilizwa. Wakirudi safari ijayo waulizwe habari za maji na barabara kama kawaida, na kabla hawajashuka jukwaani waulizwe na hili: siku iliyosomwa Fungu 34, uliomba kuiona rejista ya nyumba zetu ng'ambo, na ulipewa jibu gani?